Yule wa Masikio Mazima

Mitego ni kumi na minne. Niliihesabu kabla ya kuwakabidhi, nikaihesabu tena mlipokuwa mnakunywa chai, kwa hiyo asije mtu mwezi ujao akaniambia ilikuwa kumi na mitatu. Ule wenye waya wa bluu mlangoni unasita kufunga. Upakeni mafuta ya kupikia, tone moja tu. Mkizidisha, paka atasimama nje alambe mlango badala ya kuingia, nanyi mtashinda juani mkimtazama akiwaoshea chombo.

Mmeniomba, vijana mnaonirithi, niandike ninayoyajua kuhusu kazi hii. Ninayoyajua si mengi. Niliyoyaona ndiyo mengi, na mpaka leo baadhi yake yakinijia nikiwa napepeta maharage, mkono unasimama.

Kazi yenyewe mnaielewa. Tunakamata paka wasio na wenyewe hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, tunawapeleka mjini Mbarara wafungwe uzazi na kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa, kisha tunawarudisha palepale tulipowatoa. Hapo kwenye kuwarudisha ndipo watu wanapokasirika. "Mama Tumaini, unatoa paka, halafu unarudisha paka? Hiyo ni kazi gani?" Nimeulizwa hivyo sokoni, kanisani, hata msibani jeneza likiwa bado ndani. Jibu langu halikubadilika. Mahali penye chakula hapakai bila paka. Ukiondoa kumi, watakuja kumi wengine usiowajua, na matumbo yao yakiwa mazima. Afadhali hawa wa kwetu, ambao hawazai tena, wakae walinde fasi yao na kula panya. Jirani anayekoroma unamvumilia, kwa sababu unajua angalau haibi.

Mimi sikusomea. Nilikuwa nauza ndagala pale sokoni Rwekubo, hao samaki wadogo wa kukaushwa, na paka walikuwa wateja wangu wasiolipa. Niliwajua wote kwa sura na kwa tabia: nani anaiba kwa haraka, nani anaiba kwa heshima. Siku moja akaja daktari wa mifugo kutoka Mbarara, mwanamke mwembamba wa Kinyankore aitwaye Kiconco, na mitego mitatu na nyama ya mkebe. Akakaa siku tatu. Alichokamata ni kuku mmoja na mguu wa mwenye kuku. Siku ya tatu nikamhurumia.

"Daktari," nikamwambia, "hawa paka nyama ya mkebe waliionea wapi? Wanadhani ni sumu."

"Nyabo, sasa wao nakula nini?" akauliza. Nyabo ndiyo "mama" ya kwao.

"Wanakula mali yangu."

Nikaweka ndagala nne kwenye mtego wake, tatu zikiwa njia ya kuingilia na moja nyuma kabisa, ng'ambo ya kile kibao kinachoangusha mlango. Kabla sijamaliza kumpimia mteja wa pili, mlango ulishaanguka. Kiconco akanitazama kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba yake mfukoni mwa mtu mwingine. Wiki ile ile nikaanza kazi, baada ya kubishana naye kuhusu viatu vya mpira. Alisema nitapewa jozi moja, nikasema mbili, tukamalizia jozi moja na glavu.

Sasa sikilizeni kosa langu kubwa, maana nyinyi pia mtataka kulifanya.

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka Mbarara paka saba kwa siku moja, nikajiona bingwa. Kliniki ya Kiconco iko mtaa wa Nyamityobora, chumba kimoja chenye meza, taa na dirisha la wavu. Aliniruhusu nisimame kando nione. Alimlaza paka wa kwanza usingizi, akamnyoa tumbo, akakata tundu dogo ambalo punje ya hindi ingepita kwa shida. Humo akavuta kitu chembamba, cheupe, kama uzi wa kushonea uliolowa. "Hapa," akasema. "Paka yote ya Nakivale natoka hapa." Nilikuwa nimezaa watoto watano, nikashindwa kufunga mdomo. Ule uzi! Paka wote wa Rwekubo, makelele yote, vita vyote vya kwenye mabati, vilianzia kwenye kitu ambacho ningeweza kukifunga kwenye kidole changu kama pete.

Wa nne alipolazwa chali, Kiconco akasimama, kisu mkononi.

"Mama Tumaini. Kuja hapa. Angalia chuchu."

Manyoya kuzunguka chuchu yalikuwa yamelala, na chuchu zenyewe zilikuwa nyekundu. Akabinya moja kidogo. Yakatoka maziwa.

"Wewe nahesabu paka mara mbili," akasema. "Nimeona. Watoto ya hii moja iko wapi?"

Nilikuwa nimehesabu waliomo ndani ya mitego, mara mbili, sikukosea. Walioko nje sikuwahesabu hata mara moja. Tuliondoka naye haraka siku ile ile kumrudisha, lakini njia ya kutoka Mbarara haijali haraka ya mtu, na mvua ilikuwa imekata barabara. Tulifika kesho yake. Alipotoka mtegoni alikimbia moja kwa moja kwenye rundo la mabua ya mahindi nyuma ya nyumba moja, nami nikamfuata. Walikuwa wanne, wameshapoa. Alikuwa anawalamba bado.

Tangu siku hiyo mtego ukianguka, kabla ya kushangilia, pigeni magoti muangalie tumbo. Tumbo likiwa na maziwa, hakuna Mbarara. Mfungulieni, au tafuteni watoto kwanza muwachukue wote pamoja. Asiyetaka kupiga magoti akauze vocha.

Na kitenge msisahau. Paka akinaswa huwa anapiga mwili kwenye waya mpaka pua itoke damu. Funika mtego kwa kitenge, hapo hapo anatulia. Sijui kwa nini giza la kitenge linatuliza hivyo, na Kiconco naye aliyesoma hakuweza kunieleza nikaridhika. Kimoja changu kimesafiri kwenda Mbarara mara nyingi kuliko mimi.

Nije kwenye masikio.

Paka akishafungwa uzazi, akiwa bado usingizini, daktari humkata ncha ya sikio la kushoto, kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Ni alama, ili msimkamate mara ya pili na kumpasua bure. Hilo mnalijua. Msilolijua ni lililonipata katika kijiji cha mwenyekiti Muhoza.

Muhoza ni mtu wa milimani kule Kivu ya Kusini, amezaliwa katikati ya ng'ombe, amekimbia na ng'ombe, na hapa amebakiwa na ng'ombe wawili na uenyekiti. Ndiye alikuwa na ufunguo wa depo ya wakulima, lile jengo la matofali mnapopita kwenda ziwani, ambamo kijiji kizima huweka mahindi. Kuzunguka depo nilihesabu paka ishirini na wawili. Nilikuwa nimeshakamata kumi na tisa na kuwarudisha, wakitembea kwa madaha na masikio yao mafupi, Muhoza aliponiita mbele ya watu.

"Mama Tumaini, salama? Paka zako zimekula vifaranga vya huyu mama."

"Paka zangu? Mimi sina hata paka moja."

"Uko nazo kumi na tisa. Nani alikata ile masikio?"

"Daktari."

"Nani alimupelekea?"

"Mimi."

Akageukia watu, akatandaza mikono. "Kwetu, mwenye anakata sikio njo mwenye nyama, njo mwenye ng'ombe. Ng'ombe yangu ikiingia mu shamba ya mutu, banaangalia sikio, banakuja kwangu. Hawaendi kwa ng'ombe."

Watu wakacheka, lakini walikuwa upande wake. Nikaeleza habari ya alama, habari ya daktari, habari ya uzazi. Ni kama nilikuwa nasomea mabati. Siku ile nilijikuta tajiri wa mifugo kumi na tisa, na mama mwenye vifaranga ananitazama akingoja. Kisha Muhoza akasema jambo lililokuwa nyuma ya mkutano wote. Paka wanachafua mahindi, wanazaliana mbele ya mlango, na siku depo itakapofunguliwa kupokea mavuno mapya ataweka sumu ndani na nje.

Hapo, vijana, msipige kelele. Mtu akikuvisha koti lisilo lako, kwanza angalia mifukoni.

"Sawa," nikasema. "Ni zangu. Nimekubali mbele ya kila mtu. Sasa unieleze, baba: kwenu mutu anawekea ng'ombe ya mwenzake sumu?"

Hata aliyekuwa anamenya muwa akaacha.

"Hapana," akasema Muhoza, polepole. "Ile ni mbaya sana."

"Basi kumi na tisa hazigusi mtu."

"Zenye sikio imekatwa, sitagusa. Zenye sikio nzima hazina mwenyewe."

"Sumu inajua kusoma masikio?"

Akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kule. "Umalize kazi mbele ya siku ya kufungua depo," akasema. "Nikikuta pale paka moja yenye inazaa, moja tu, naweka sumu. Hazitakuwa ishirini na tatu tena mwaka kesho."

"Ni ishirini na mbili. Moja umehesabu mara mbili, ile ya mkia mweusi inapita pande zote."

Mama wa vifaranga nilimalizana naye kwa kumjengea uzio wa miti siku mbili. Na nilimfundisha kuingiza vifaranga kabla paka hawajatoka kuwinda, jambo ambalo tangu mwanzo lingetuepusha na mkutano.

Wawili kati ya watatu waliobaki niliwapata wiki ile ile. Akabaki mmoja, jike wa kijivu mwenye kifua cheupe. Tulimwita Masikio Mazima. Nilikuwa namwinda tangu msimu uliotangulia. Ndagala alikula zile tatu za njiani, ya nne akaiacha. Nilibadili mtego, nikaweka majani sakafuni, nikafunga mlango kwa kamba usianguke ili azoee. Aliingia na kutoka siku sita kama mpangaji. Siku ya saba nilipofungua kamba, alikaa nje akanitazama, si mtego, mimi, kisha akaenda zake. Nimebishana na Wanyarwanda wa ng'ombe, na wafanyabiashara wa Kamukuzi kule Mbarara wenye suti, na polisi wa kizuizi aliyetaka kujua kwa nini kitenge kinalia. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo na kunishinda bila kusema neno.

Na tumbo lake lilikuwa limeshajaa. Kisha siku moja halikuwa limejaa tena.

Zilibaki siku nne depo ifunguliwe. Jana yake watu waliingia kufagia, kwa hiyo nilijua kama amezalia humo, chini ya zile mbao wanazowekea magunia, leo atahama. Paka hakai mahali palipoguswa. Jua lilipochomoza nilikuwa nimeshageuza beseni langu nikalikalia kwenye pembe ya jengo, upande upepo usiompelekea harufu yangu.

Akaja Muhoza kuangalia paa, fimbo kwapani, redio mkononi ikihubiri. Nikamwashiria akae. Akakaa juu ya tofali, akapunguza redio, hakuizima.

Masikio Mazima akatokea kwenye uwazi wa chini ya mlango, kitoto kikining'inia mdomoni kama soksi. Akavuka uwanja akiwa chini chini, akaingia kwenye rundo la matofali karibu na ukuta wa kanisa. Akarudi. Wa pili. Akarudi. Wa tatu. Kila mara alisimama mahali palepale katikati ya uwanja, akasikiliza, akaendelea. Wa nne. Wa tano alikuwa mdogo kuliko wote na alilia, mama yake akamweka chini, akamshika upya vizuri, akaenda.

"Ni ngapi?" Muhoza akanong'ona.

"Tano."

"Ulisema depo imebakia na paka moja."

"Nilisema moja. Ni moja."

"Moja yenye imezaa tano." Akasimama, akajipangusa suruali. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mama Tumaini, tulipatana. Siku ya nne naweka dawa. Usinichukie."

Paka ishirini na wawili na watoto watano. Nilihesabu na kurudia, na kila mara walikuwa wamekufa.

Hapo Masikio Mazima akatoka tena kwenye matofali.

Nilidhani kuna wa sita. Alivuka uwanja, akasimama palepale akasikiliza, akaingia chini ya mlango. Tukangoja. Muhoza naye alikuwa bado amesimama, mguu mmoja mbele. Alikawia humo ndani kuliko mara zote tano. Kupitia ufa wa mlango nilimwona: alikuwa anapita pembe hadi pembe, chini ya mbao, ananusa, anasikiliza, anaingiza mkono kwenye nafasi ambapo mkono tu ungetosha. Kisha akatoka. Mdomo wake ulikuwa mtupu. Akatupita karibu kuliko siku yoyote, hakutujali, akaenda kulala kwa watoto wake.

Nikainuka, Muhoza akanifungulia, nikaingia kuangalia kwa mikono yangu, mbao kwa mbao. Hakukuwa na kitu.

Maisha yangu yote watu wamenicheka kwa kuhesabu mara mbili. Na huyu hapa, asiyejua moja wala tano, hakuacha chumba mpaka amehakikisha ni kitupu. Baadaye nilimpigia Kiconco simu kumsimulia, akasema tu, "Ndiyo, hao mama nafanya hivyo," kana kwamba nimemwambia mvua hulowesha.

Nilipotoka, Muhoza alikuwa ameketi tena. Redio alikuwa ameizima.

"Mama yangu alifanya vile," akasema. "Siku tulitoka kwetu. Watoto wote tulikuwa inje, mu njia, batu banapiga kelele twende. Yeye akarudia mu nyumba."

"Alisahau nini?"

"Hakuna." Akaangalia ule uwazi wa chini ya mlango. "Baba alimugombeza mpaka mupakani. Alikuwa anamuuliza, ulirudia kutafuta nini? Hakujibu. Mimi pia, mpaka leo nilikuwa najiuliza."

Kisha akakohoa, akawa mwenyekiti tena.

"Unahitaji siku ngapi?"

"Hii ya leo. Na usiwashe redio."

Sasa angalieni namna, maana hii ndiyo njia ya paka anayekataa kila kitu. Tulingoja aende kunywa maji. Nikavaa glavu, nikawachukua wale watano kwenye kizimba kidogo cha wavu, nikakisukuma kikagusana na nyuma ya mtego mkubwa, vyote viwili nikavifunika kwa kitenge, nikaacha mdomo wa mtego tu wazi. Hapo ndani unaonekana kama pango lenye watoto mwishoni. Msichukue watoto mkaondoka nao. Msiwaweke juani. Na msimwache mama atafute zaidi ya dakika chache, maana mtakuwa mmemtesa.

Alirudi, akakuta matofali matupu. Sauti aliyoitoa sitaiandika. Mdogo akamwitikia. Alifika kwenye mdomo wa mtego, ule ule alioukataa msimu mzima, akanitazama tena kama siku ile. Alijua. Naapa alijua ni nini, na nani amekiweka. Akaingia. Alikanyaga kibao bila kukiruka, mlango ukaanguka nyuma yake, na hakugeuka hata kuutazama. Nilipofunua pembe ya kitenge alikuwa anawalamba kupitia wavu, mmoja mmoja, akimaliza anaanza tena.

"Alishinda," akasema Muhoza.

"Nani?"

"Yeye."

Niliwaweka wote sita chumbani kwangu mpaka watoto walipoacha kunyonya, ndipo tukaenda nao Nyamityobora. Watano walipata nyumba. Sikumpa mtu mtoto wa paka kabla sijakaa kwake na kuona panapowekwa maji. Siku ya kumkata sikio mama yao, Muhoza alipanda gari akaja nasi mpaka Mbarara, akiwa amevaa koti la Jumapili. Kiconco alishangaa. "Huyu mzee natafuta nini?"

"Niko hapa kwa ajili ya sikio," Muhoza akamwambia, wima. "Hizo zingine ni za huyu mama. Hii, mukisha kukata, ni yangu."

Sumu haikuwekwa depo. Anayelalamika juu ya paka yeyote wa pale huelekezwa kwangu, isipokuwa mmoja wa kijivu. Juu ya huyo mnaenda kwa mwenyekiti, naye mtaona atakavyowapokea.

Hayo ndiyo yangu. Juzi mlipopakia mitego na kuondoka, nilifunga kile chumba ilimokuwa inakaa, nikafika mpaka kwenye jiko. Kisha nikarudi. Nilijua hakuna kitu, mmebeba kumi na minne. Niliangalia pembe zote nne, nikapitisha mkono nyuma ya mlango, nikasikiliza kidogo, ndipo nikafunga.